Ulinzi wa mizinga msituni: Namna ya kukabiliana na wizi wa asali Nakuru na Bonde la Ufa ya Kati

MFUGAJI wa ng'ombe hufunga boma lake usiku na kulala hatua chache kutoka hapo. Mwenye mizinga hana bahati hiyo. Mali yake huning'inia juu ya miti, pengine mwendo wa saa mbili au tatu kutoka nyumbani, na huenda zikapita wiki kadhaa kabla hajaitupia macho. Siku anaporudi na ndoo yake hukuta mfuniko umetupwa chini, masega yamekatwa na nyuki wamehama.

Wizi wa aina hii unawasumbua wafugaji wa nyuki katika misitu ya Mau iliyo katika kaunti ya Nakuru, kuanzia Mariashoni na Nessuit hadi Kuresoi, na vilevile katika nyika za Baringo ambako asali ya migunga imekuwa tegemeo la familia nyingi. Hasara yake haiishii kwenye asali iliyobebwa. Inakadiriwa kwamba nyuki hutumia kilo sita hadi nane za asali ili kutengeneza kilo moja ya nta. Kwa hivyo kundi lililokatiwa masega yote hulazimika kujenga upya kabla ya kuweka akiba yoyote, na mara nyingi huamua kuhama. Nyuki wa Kiafrika wanajulikana kwa wepesi wa kuacha mzinga unapovurugwa.

Hata hivyo, wizi huu haumwachi mfugaji bila la kufanya. Ziko njia za kuupunguza, ziko za kumtambua aliyeutenda, na iko sheria ya kumshtaki. Msingi wa njia hizo zote ni mmoja: mwenye mzinga awe na uwezo wa kuthibitisha kwamba mzinga ni wake na kwamba ana haki ya kuuweka mahali ulipo.

Mistari ya wazee

Jamii ya Ogiek, wenyeji wa tangu jadi wa msitu wa Mau, ilitatua suala hilo kabla ya kuwapo kwa polisi au mahakama. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake, ukanda mrefu uliopanda kutoka nyanda za chini hadi misitu ya juu yenye baridi. Mizinga, iliyochongwa kwa magogo ya mtarakwa, ilitundikwa katika ukanda huo wote kwa sababu maua hayachanui kila mahali kwa wakati mmoja. Nyuki walifuata maua, na warina asali waliwafuata nyuki. Msimu wa mti wa silibwet ulipowadia, familia zilipanda juu kurina asali nyeupe. Msimu huo ulipopita, waliteremka.

Katika kanda hizohizo walitega pia perere, mnyama mdogo wa mitini ambaye ngozi yake yenye manyoya mazito ilishonwa kuwa mavazi ya kujikinga na baridi ya Mau. Mtego na mzinga vilifanana kwa jambo moja: vyote viliachwa peke yake msituni, na mwenyewe aliamini kwamba atakuta alichokiacha au kilichonaswa.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na biashara ya ngozi na nyara za wanyamapori ikafungwa mwaka uliofuata. Tangu wakati huo mstari wa mitego hauna nafasi kisheria. Mstari wa mizinga ndio uliobaki.

Kilichoulinda mstari huo hakikuwa kufuli. Kila mtu alijua mti upi ni wa ukoo upi, na mgeni aliyeonekana humo bila sababu aliulizwa maswali. Asali ilikuwa chakula, bidhaa ya kubadilishana na majirani kama Wamaasai, na kitu kisichokosekana katika sherehe za ndoa. Aliyeiba asali aliuvunjia ukoo mzima heshima. Miongoni mwa jamii za Kalenjin kwa jumla, wazee waliweza kuamuru kiapo ili kumfichua mkosaji aliyekataa kukiri, na hofu ya kiapo hicho ilitosha kuwafanya wengi waseme ukweli.

Kwingineko nchini ulinzi uliandikwa juu ya mzinga wenyewe. Wakamba walichora alama ya ukoo kwenye mizinga yao kama walivyowatia ng'ombe chapa, hivyo kwamba mzinga uliokutwa mbali na kwao ulijitaja wenyewe.

Mpango huo una mfano wake ng'ambo. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ambako watu hutega wanyama kwa ajili ya manyoya, magomvi ya kuibiana na kuharibiana mitego yalikuwa ya kawaida hadi serikali ilipoanza mwaka wa 1926 kusajili mistari ya mitego, kila mmoja kwa jina la mwenyewe. Warina asali wa Mau walikuwa na usajili wa namna hiyo vichwani mwao. Kasoro yake ilikuwa kwamba haukuandikwa popote.

Msitu ulipoingiliwa

Mpango wa koo ulianza kuporomoka watu walipohamishiwa misituni na miti kukatwa. Katika miaka ya tisini sehemu za Mau Mashariki ziligawanywa kuwa mashamba ya makazi. Mwaka wa 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za msitu huo kutoka orodha ya misitu iliyohifadhiwa. Familia zilizotoka sehemu mbalimbali za nchi zikawa majirani, na wengi wao hawakuwa na namna ya kujua kwamba gogo lililotundikwa juu ya mti ni mali ya mtu, sembuse kumjua mtu huyo.

Mnamo Mei 26, 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake jijini Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Ogiek, ikiwemo haki ya mali. Mnamo Juni 23, 2022 mahakama hiyo iliagiza serikali iwalipe fidia ya Sh57.85 milioni kwa hasara ya mali na Sh100 milioni kwa madhara mengine, na iwapimie ardhi yao ya jadi na kuwapa hati. Hata hivyo, mnamo Novemba 2023 familia za jamii hiyo zilifurushwa tena kutoka eneo la Sasimwani, upande wa Narok.

Mwenye mizinga anaguswa moja kwa moja na mvutano huo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 inakataza mtu kutundika mzinga au kukusanya asali na nta katika msitu wa umma bila kibali. Sheria hiyohiyo inatambua matumizi ya kimila ya jamii za msituni, lakini kwa masharti, na si kwa mazao ya kuuzwa. Kwa hivyo anayeibiwa asali ya biashara msituni huku hana kibali huogopa kupiga ripoti asije akawa mshukiwa yeye mwenyewe. Wezi wanaifahamu hofu hiyo na wanaitumia.

Hii ndiyo sababu hatua ya kwanza ya ulinzi ni karatasi. Mfugaji anayeweka mizinga katika msitu wa serikali anashauriwa kujiunga na chama cha jamii cha kuhifadhi msitu katika eneo lake na kupata kibali kupitia kituo cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Anayeweka mizinga katika shamba la mtu mwingine naye anafaa kuwa na makubaliano ya maandishi na mwenye shamba.

Nyegere au binadamu?

Kabla ya kumshuku jirani, mfugaji ahakikishe kwamba mwizi ni mtu. Wahasama wa nyuki ni wengi, na kila mmoja huacha dalili zake.

Nyegere ndiye anayesingiziwa na anayesingizia. Huacha mikwaruzo mirefu ya kucha kwenye shina na kwenye mbao, huangusha mzinga kutoka mtini, huupasua, na hula majana, yaani watoto wa nyuki, pamoja na asali. Vipande vya masega hutapakaa chini, na udongo wa karibu huwa umechimbuliwa.

Siafu hawavunji kitu. Mzinga hukutwa mzima lakini mtupu, na chini yake pana mabaki ya nyuki waliokufa.

Nyuki waliohama wenyewe kwa sababu ya ukame au njaa huondoka baada ya kumaliza akiba. Masega hubaki mahali pake, makavu, bila alama ya kisu.

Binadamu hutambulika kwa moto na chuma. Kuna majivu, vijinga au matambara yaliyoungua chini ya mti. Tundu la mzinga limekuwa jeusi kwa moshi. Masega yamekatwa kwa mstari ulionyooka na asali haionekani, ilhali masega ya majana yametupwa. Kamba au waya umekatwa, wala haukukatika. Katika mizinga ya kisasa, fremu huwa zimetoweka zote, au mzinga wenyewe umebebwa.

Wapo pia wanaochokora mzinga bila kuiba chochote, ama kwa sababu ya ugomvi au kwa kutaka kujua kama asali imeiva. Huyu naye ana madhara. Asali isiyofunikwa kwa nta na nyuki bado ina maji mengi. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka asali isiwe na maji zaidi ya asilimia 20, na inayozidi hapo huchacha. Mwizi anayerina kabla ya wakati huuza bidhaa mbovu, na sifa mbaya huliangukia eneo zima.

Uchokozi wa aina hiyo una hatari nyingine kubwa. Mwizi hana muda wa kutuliza nyuki kwa bomba la moshi kama mfugaji. Huchoma nyasi au kijinga cha moto na kukitupa akimaliza. Wakati wa kiangazi, mwezi wa Januari au Februari, cheche hiyo yatosha kuteketeza msitu.

Namna ya kuzuia

Weka alama. Jina au namba ya mwenyewe ichomwe kwa chuma chenye moto kwenye mbao, si kwa rangi inayokwanguliwa. Iwekwe mahali pawili: moja panapoonekana, na nyingine ndani, kwa mfano chini ya mfuniko au kwenye kila fremu. Mwizi akibadilisha rangi ya nje, alama ya ndani itamsaliti.

Andika daftari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mzinga uandikwe namba yake, mti ulipo, siku ulipotundikwa, siku nyuki walipoingia, na kiasi cha asali kilichorinwa kila msimu. Simu ya mkononi yaweza kupiga picha na kuhifadhi alama za mahali kwa setilaiti. Mahakamani, daftari la namna hii lina uzito kuliko kauli tupu ya kwamba mizinga ilikuwa mingi.

Chagua mzinga kulingana na mahali. Mzinga wa gogo ni mzito, huwekwa juu, na si rahisi kuubeba. Mzinga wa Langstroth hutoa asali safi na hukaguliwa kwa urahisi, lakini urahisi huohuo humfaa mwizi, na mbao zake na fremu zake zina soko. Mzinga wa vijiti vya juu, uliobuniwa nchini Kenya katika miaka ya sabini, uko katikati. Kwa hivyo ni busara kuweka mizinga ya fremu karibu na makazi na kuacha ya magogo kwa ajili ya msitu wa mbali.

Ficha, lakini usitenge. Mzinga usionekane kutoka barabarani au kwenye njia ya mifugo. Hata hivyo, uwe mahali ambapo angalau jirani mmoja anayeaminika hupita. Mizinga iliyokusanywa mahali pamoja, ikazungushiwa ua wa miti yenye miiba na lango lenye kufuli, hulindwa kwa urahisi kuliko iliyotawanyika. Ua huo uwe umbali wa kutosha kutoka nyumba, mifugo na njia za watoto.

Tembelea bila ratiba inayojulikana. Wizi huzidi siku chache kabla ya mavuno, kwa sababu wezi wa karibu wanaijua misimu ya maua sawa na mwenyewe. Wakati huo wanakikundi wapange zamu, na masega yakishafunikwa kwa sehemu kubwa yarinwe bila kuchelewa. Asali iliyokwisha kuiva na kuachwa mtini ni mwaliko.

Mkinge nyegere kwa njia halali. Bati laini linalozungushiwa shina humzuia kupanda, na mzinga unaoning'inia kwa waya mbali na tawi humshinda. Kumtega kwa kitanzi au kumwekea sumu ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013.

Mafunzo ya ufugaji wa nyuki hutolewa katika chuo cha kilimo cha Baraka mjini Molo na katika taasisi ya kitaifa ya ufugaji nyuki jijini Nairobi. Wakulima wanaweza pia kuwauliza maafisa wa mifugo wa kaunti.

Baada ya wizi

Mfugaji anayekuta mzinga umevunjwa hushikwa na hasira na kuanza kusafisha. Hilo ni kosa. Asiguse chochote hadi apige picha za mzinga, alama za moto, nyayo na vitu vilivyoachwa. Shahidi mmoja au wawili wasiohusika waitwe waone.

Kisha apige ripoti kwa naibu wa chifu na kwa kamati ya Nyumba Kumi, halafu kituo cha polisi, ambako anapaswa kupewa namba ya kitabu cha matukio, yaani OB. Bila namba hiyo, kesi haina mwanzo. Aende na daftari lake na kibali chake.

Sheria ina meno kuliko wengi wanavyodhani, ingawa ina pengo. Kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa wizi wa mifugo, kinataja wanyama kama ng'ombe, ngamia, kondoo, mbuzi na nguruwe, lakini hakitaji nyuki. Mwizi wa asali basi hushtakiwa chini ya kifungu cha 275 cha wizi wa kawaida, ambacho adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka mitatu. Aliyeharibu mzinga kwa makusudi aweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 339, ambacho ni hadi miaka mitano, hata kama hakubeba asali.

Muhimu zaidi ni kifungu cha 322, kinachomhusu anayepokea au kushughulikia mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Adhabu yake ni hadi miaka 14. Mwizi wa asali hana haja ya asali yote anayoiba, anategemea mnunuzi. Wanunuzi wakidai kujua jina la mfugaji, namba yake ya kikundi na mahali asali ilikotoka, asali ya wizi hukosa pa kwenda. Asali ya Ogiek ya Mariashoni imepata jina hadi nje ya nchi kwa kuuzwa kwa pamoja na kwa asili inayojulikana, na utaratibu huo ni ulinzi pia.

Kwa anayetaka kulipwa badala ya kuona mtu akifungwa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, husikiza madai ya hadi Sh1 milioni, yakiwemo ya uharibifu wa mali, bila ulazima wa kuwa na wakili.

Njia ya wazee nayo ingali wazi. Kifungu cha 159 cha Katiba kinaitaka mahakama ihimize upatanisho na mbinu za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisikiuke haki za binadamu. Mkosaji anapokuwa kijana wa kijiji kilekile, kikao kinachomtaka alipe mizinga mipya na kuichonga kwa mikono yake huenda kikazuia wizi wa pili kuliko mwezi mmoja wa rumande.

Yasiyofaa

Kuna waliojaribiwa kutia sumu kwenye masega ili mwizi ajifunze. Atakayekula asali hiyo huenda akawa mtoto aliyeinunua sokoni, na mwenye kutia sumu atajibu mashtaka mazito kuliko ya mwizi. Sumu hiyo pia huangamiza nyuki wa majirani wote. Mitego ya misumari, mashimo yaliyofichwa na nyaya za umeme ni ya kundi hilohilo.

Vilevile, kumpiga mshukiwa hadi afe ni mauaji, hata akiwa amenaswa na ndoo mkononi. Kesi ya wizi iliyokuwa na ushahidi hugeuka na kuwa kesi dhidi ya mwenye mizinga.

Wazee wa Mau waliweza kuacha mizinga msituni kwa miezi bila mlinzi kwa sababu kila jirani alijua ni ya nani na alikuwa tayari kusema hivyo mbele ya watu. Ujirani huo hauwezi kurudi kama ulivyokuwa, kwani msitu umepungua na majirani wamekuwa wengine. Lakini kazi yake yaweza kufanywa na chapa kwenye mbao, jina katika daftari la chama, kibali kilichohifadhiwa nyumbani na mnunuzi anayeuliza asali imetoka wapi. Mfugaji mwenye vitu hivyo vinne huingia kituo cha polisi kama mlalamishi, na hana sababu ya kuogopa kugeuzwa mshukiwa.